Uliza Maji Yaliyolala

Nina miaka thelathini na mbili na nimestaafu. Chekeni kwanza, halafu tuendelee. Daktari aliyenipima hakucheka. Alisema kifua changu kimevuta mvuke wa tindikali wa kutosha, na kama nataka kizeeke pamoja nami nitafute kazi nyingine. Sasa nafundisha kemia sekondari, huku Mbozi. Ninyi mliomaliza chuo juzi mmekuwa mkiniuliza kazi ya karakana ilikuwaje, tena kwa sauti ya watu wanaotaka kuambiwa kwamba ilikuwa tamu. Nawaandikia ilivyokuwa. Sitafuata miaka, kwa sababu sikujifunza kwa kufuata miaka.

Karakana ilikuwa Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori. Mwenyewe ni Mzee Siame, fundi wa injini ambaye siku moja alichoka kutengeneza injini za watu akaamua kutengeneza wanachozinywesha. Alikusanya mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, akayachanganya na methanoli, jamaa wa spiriti, na kostiki ya kutengenezea sabuni, yakajigawa: juu dizeli, chini kitu kizito cha kahawia kama asali iliyoungua. Hicho kizito ndicho gliseroli. Watengeneza sabuni walichukua kidogo. Iliyobaki iliwekwa kwenye mapipa, na mapipa yakazunguka ukuta mpaka chooni ukawa unaingia kwa ubavu.

Hilo lilikuwa tatizo la kwanza. La pili lilikuwa baridi. Dizeli ile ikikaa Tunduma mchana haina neno, lakini ipandishe Mbozi mwezi wa sita, asubuhi utaikuta imeganda kama mchuzi wa ng'ombe uliolala. Mteja mmoja tu ndiye aliyekuwa bado anatuvumilia: Mzee Nzunda wa Isansa, mwenye mashine ya kusaga. Ilikuwa mashine pekee upande ule wa kijiji. Wengine walikwisha kurudi kwenye dizeli ya kituoni.

Mimi nilifika na jibu moja la matatizo yote mawili, na kiburi cha kutosha matatizo mengine manne. Jibu lilikuwa hili. Chukua gliseroli, ichanganye na asetoni, ile ile ya kufutia rangi ya kucha, upate kimiminika kinachoitwa solketali. Tia kidogo kwenye dizeli, haigandi upesi. Ila gliseroli na asetoni hazichanganyikani zenyewe. Ukizimimina kwenye chupa zinakaa tabaka mbili, kila moja imempa mwenzake mgongo. Zinahitaji tindikali ya kuzikutanisha. Ukitia tindikali ya maji, itazikutanisha vizuri sana, kisha itabaki humo humo, na injini haipendi. Kwa hiyo unatafuta tindikali iliyoshikamana na kitu kigumu, kitu unachoweza kukichuja na kukitumia tena. Kitu chetu kilikuwa mkaa wa maganda ya kahawa.

Nilipomweleza Siame alikuna kidevu.

"Kwa hiyo huo mkaa ni mshenga," alisema. "Anawaozesha, halafu anarudi kwao."

"Ndiyo, bosi. Hasa."

Tungeliacha neno hapo, nisingekuwa na la kuwaandikia. Lakini siku ya pili alimweleza jirani muuza maandazi, na kwa muuza maandazi alitumia neno la maandazi. Alisema ni hamira. Toka siku hiyo hakuna aliyeuita kitu kingine. Hamira ya mkaa. Nami niliona ni mzaha usio na madhara. Nilikuwa mtu wa kuhoji kila kitu isipokuwa vile nilivyoviona vidogo.

Nilihoji vitabu. Nilihoji walimu wangu wa chuo, ambao hawakuwepo kujibu. Wakati mmoja nilihoji hata kahawa, nikashikilia kwamba pumba za mpunga wa Kamsamba zingefaa zaidi. Nilishuka bondeni juu ya gari lililokuwa linarudi kufuata ng'ombe, nikarudi na magunia sita na shingo iliyobabuka jua. Tulipozichoma hazikuacha mkaa wa maana. Ziliacha kitu kama kioo kilichosagwa. Baadaye nilirudi kusoma nilichosoma nikakuta mwandishi alikitaka hicho hicho kioo, kwa njia nyingine kabisa. Mimi nilikuwa nimesoma muhtasari tu.

"Msomi," Siame aliniambia huku anamimina majivu yale mlangoni, mahali palipokuwa na tope, "ahsante kwa mchanga."

Palifaa sana. Mpaka leo hapatelezi.

Basi, maganda ya kahawa. Hayo yanapatikana kila kahawa inapokobolewa, na hakuna anayekugombeza ukiyabeba. Mnayajaza kwenye pipa, mnafunika, mnaziba kingo kwa udongo wa kichuguu na kuacha tundu la kupita kidole. Moto unakuwa nje ya pipa. Moshi mweupe ni maji yanaondoka. Moshi ukiwa mwembamba na wa bluu, zibeni tundu na muondoke hapo. Kitabu kilinipa nyuzi joto. Hatukuwa na kipimo kinachofika huko. Siame alitema mate kwenye ubavu wa pipa akasikiliza. Nilimhoji kuhusu hilo wiki nzima, nikajaribu njia yangu, nikapata majivu. Kuanzia hapo nikawa nasikiliza naye.

Mkaa unasagwa, unalowekwa kwenye tindikali kali ya salfa, jamaa wa ile ya betri ila haijazimuliwa kwa maji. Unapashwa moto, na hapo ndipo nilipopata mvuke ulionistaafisha, kwa sababu bomba la kutolea hewa tuliliwekea kiwiko ili lisimsumbue jirani, na mvuke ukaona ni afadhali usimsumbue, ukarudi ndani kwangu. Sehemu ya tindikali inashikamana na mkaa kabisa. Sehemu nyingine inajificha tu ndani ya vitundu, kama mgeni asiyealikwa. Hiyo ya kujificha lazima iondoke. Unaosha.

Sasa nimtaje Mama Sekela. Ni mama wa Iyula aliyeosha kahawa tangu usichana wake. Msimu ukiisha alikuja kukaa kwa binti yake Tunduma, na Siame alimpa kazi ya kuosha mapipa na vyombo. Vidole vyake vilikuwa na nyufa nyembamba zisizofunga, kazi ya maji ya baridi na ute wa kahawa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniita "baba," kama mama wa huku anavyomwita kijana yeyote, mpaka alipotaka kunikosoa. Hapo aliniita "mwalimu."

Siku naosha hamira ya kwanza nilikuwa nimeitia kwenye mfuko wa kitambaa, nimeuweka chini ya bomba, maji yanapita. Kila baada ya muda nakinga matone na kuchovya karatasi ya litmasi ya bluu. Mwanzo iligeuka nyekundu, maana yake tindikali ipo. Baadaye ikabaki bluu. Nikazima bomba.

"Umemaliza, mwalimu?" Mama Sekela aliuliza.

"Nimemaliza, mama. Karatasi imekubali."

"Karatasi umeiuliza maji gani?"

"Haya yanayotoka."

Alitikisa kichwa. "Hayo yanapita. Yanayopita hayajui kitu. Sisi kahawa tukishaiosha tunaiacha kwenye maji safi mpaka asubuhi, kisha tunaonja yale maji. Kahawa ina mkunjo pale katikati ya punje, ute unajificha humo. Uliza maji yaliyolala."

"Hii si kahawa, mama."

"Haya," alisema, akaenda kwenye mapipa yake.

Nilisema kweli, haikuwa kahawa. Ila lile neno lake "mkunjo" lingetosha kunishtua kama ningekuwa nahoji kila kitu kama nilivyodai.

Tulifanya mkupuo wa kwanza. Gliseroli chini, asetoni juu, kijiko cha hamira, moto mdogo, maji baridi yakizunguka shingo ya chupa ili asetoni isipotee. Harufu ilikuwa ya saluni. Mke wa Siame alikuja na sababu isiyoeleweka, akachungulia kila kona, akaondoka ameridhika. Kabla hata ya saa moja zile tabaka mbili zikawa moja, safi, unaona upande wa pili. Siame alinishika bega. Sikumbuki kama amewahi kumshika bega mtu mwingine. Tukaitia kwenye pipa la dizeli, na pipa likaenda Isansa kwa Mzee Nzunda na ahadi kutoka kwangu: hili haligandi.

Tukachuja hamira, tukaitumia mara ya pili. Safari hii tabaka zilikawia mpaka adhuhuri na hata hivyo hazikuungana vizuri. Nikasema imeingia uchafu. Nilikuwa na maelezo matatu, yote mazuri, na hakuna hata moja nililolipima.

Siame yeye alikuwa na lake moja tu. Jioni, mimi nimeshaondoka, aliichukua hamira iliyochoka akaitia, ndani ya mfuko wake, kwenye beseni la maji ya vuguvugu na sukari vijiko vinne. Akafunika kwa sahani. Asubuhi nilimkuta amesimama juu yake.

"Bosi, ni nini hiki?"

"Hamira ikilala unaiamsha."

"Na sukari?"

"Sasa itakula nini?"

Nilianza kucheka, na cheko lenyewe lilikuwa la dharau, sikatai. Nilimwambia hii si kitu hai, haili, haiumuki. Akaniuliza kwa nini basi tunaiita hamira. Mama Sekela alikuwa amefika kuchukua beseni lake, maana lilikuwa lake na hakuombwa. Akatia mkono kuinua mfuko. Akautoa haraka.

"Maji yanauma," alisema.

"Ni sukari, mama," Siame akamwambia.

"Sukari haiumi. Yanauma kwenye nyufa." Alikuwa ananiangalia mimi, si yeye. "Haya ni maji yaliyolala, mwalimu."

Nikachukua karatasi. Nilichovya ncha tu. Ikawa nyekundu mpaka nilipoishika.

Nataka mwelewe nilichokiona hapo, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Kama hamira iliyokwisha kutumika mara mbili bado inatema tindikali kiasi hiki, ile mpya ilitema kiasi gani? Na ilitemea wapi? Kwenye mkupuo wa kwanza, ule uliofanikiwa. Huenda haukufanikiwa kwa sababu ya mkaa hata kidogo. Huenda ilikuwa tindikali ya maji tu, imevaa koti la kahawa.

Kuna kipimo, nanyi mnakijua, nami nilikijua. Nilianza mkupuo mdogo na hamira mpya iliyobaki, ya mkaa ule ule niliouosha chini ya bomba. Katikati ya kazi, ingali ya moto, niliichuja yote nikaiweka pembeni. Nikarudisha kimiminika kwenye moto bila hamira. Kama mshenga ndiye mkaa, na mkaa umetoka, mazungumzo yasimame. Hayakusimama. Tabaka ziliendelea kuungana mbele ya macho yangu, taratibu, bila chochote ndani, mpaka zikawa moja. Ni kitu kizuri sana kukitazama kama hujui maana yake.

"Bosi," nilisema, "pipa la Isansa lina tindikali."

Siame alifuta mikono kwa kitambaa. Halafu akasema: "Nzunda alituma salamu leo asubuhi. Injini imewaka vizuri. Mteja amefurahi, ndiye huyo mmoja tuliyebaki naye. Wewe unataka niende nikamwambie nini?"

"Azime."

"Halafu asinunue tena kwetu."

"Ndiyo."

Alitazama mapipa ya gliseroli ukutani. Nilidhani anayahesabu, lakini alikuwa anafikiria pampu. Nilijua hivyo alipofungua mdomo. "Pampu ya dizeli," alisema, kama anajisemea, "vyuma vyake vinapishana kwa unene usioingia unywele. Ikiliwa, haitengenezeki. Pale hawana mashine nyingine." Akachukua funguo za pikapu.

Mzee Nzunda alituona kwa mbali akatupungia mikono yote miwili. Mashine ilikuwa inanguruma, na watu wamepanga madebe ya mahindi mpaka nje ya banda.

"Karibuni wataalamu! Nimezungusha hendeli, imewaka mkono wa kwanza! Baridi yote hii, mkono wa kwanza!"

"Shikamoo, mzee. Tunaomba uizime," nilisema.

"Marahaba. Niizime kwa nini?"

"Mafuta yale yana tindikali. Nilikosea."

"Yamekosea nini? Husikii inavyoimba?"

Nilichota dizeli kidogo kwenye chupa ya soda, nikatia maji safi, nikatikisa, nikaacha maji yatuame chini. Nikachovya karatasi humo. Nyekundu. Nzunda aliigeuza geuza.

"Na hii karatasi yako nani ameipima? Pengine ni nyekundu kwa hasira."

Watu walicheka. Nikaanza kumweleza vitundu na molekuli, nikaona macho yake yananiacha. Siame akanisogeza pembeni.

"Mzee mwenzangu," alisema, "kulikuwa na mshenga. Kazi yake awaozeshe watu, kisha arudi kwao. Huyu hakurudi. Amebaki nyumbani kwa maharusi, na anakula."

Nzunda aliacha kutabasamu. "Anakula nini?"

"Pampu."

Mama mmoja kwenye foleni, mwenye ndoo kichwani bado, alisema, "Izime, baba. Sisi tutarudi. Hii ikifa tutasaga kwa meno?"

Akaizima. Ukimya wa mashine ya kusaga inapozimwa katikati ya kazi ni mkubwa kuliko mnavyofikiri. Hata kuku walinyanyua vichwa. Siame alifungua pampu mwenyewe, pale pale, juu ya gunia. Chuma kilikuwa kimeanza kupoteza mng'ao, kama kijiko kilichosahauliwa kwenye siki. Hakijaliwa. Tukamwaga mafuta yote ya tangi na ya pipa kwenye mapipa matupu tukaondoka nayo. Nzunda hakutuaga. Ninyi msitegemee kuagwa siku kama hiyo.

Kuosha kulihamia kwa Mama Sekela. Hakutumia bomba. Alitia hamira kwenye maji ya moto, akafunika, akaacha mpaka asubuhi, akaleta karatasi kwangu. Nyekundu. Akamwaga, akatia mengine. Asubuhi, nyekundu. Nilijifunza kuandika neno hilo daftarini kwa herufi moja. Siku ya kumi na moja maji yaliyolala yaliiacha karatasi bluu kama ilivyokuja. Akaniambia nichovye tena. Nikachovya tena.

Hamira hiyo, mtaniuliza, ilifanya kazi? Ilifanya, vibaya. Kilichokuwa kinachukua saa moja kikawa kinachukua karibu siku nzima. Lakini tulipoichuja katikati, mazungumzo yalisimama, tulipoirudisha, yakaendelea. Na mkupuo wa nne ulikuwa wa polepole sawasawa na wa kwanza. Siame alisema ni kama mfanyakazi mvivu ambaye hakosi hata siku moja. Tulimzoea. Mapipa yalipungua mpaka chooni tukaanza kuingia kifua mbele.

Nilitaka pia tubadilishe jina, tuite mshenga. Nilikuwa peke yangu kwenye jambo hilo. Mpaka naondoka ilikuwa hamira, na mpaka naondoka nilikagua mabeseni ya Siame kila asubuhi kwa ulimi, kama kuna sukari. Hilo msilifanye. Litumieni jicho.

Nzunda alirudi kwetu, miezi baadaye, baridi ilipoanza tena. Tulipompelekea pipa Isansa, hakuomba maelezo. Alichota dizeli kwenye chupa ile ile ya soda, akatia maji, akatikisa, akaiweka kwenye dirisha la banda. Akanyoosha kiganja nimpe karatasi. Nikampa kijitabu kizima.

"Sasa subirini kesho," alisema.

"Mzee, majibu ni ya sasa hivi. Maji yametuama."

"Huyo mama wenu wa Iyula alinipigia simu," alisema. "Ilale kwanza."

Kila pipa tulilompelekea baada ya hapo lililala kwake kabla halijaingia kwenye tangi. Nilimhoji mara moja tu kama haoni ni kupoteza siku. Alinijibu kwamba siku moja tayari aliwahi kuipoteza kwa kutolaza. Nikaacha kuhoji. Haikuwa adhabu, nadhani. Ilikuwa namna yake ya kufanya kazi na mtu kama mimi, na ilikuwa namna nzuri kuliko niliyokuwa nayo.

Pipa langu la mwisho nilimpelekea mwenyewe, na cheti cha daktari kikiwa mfukoni. Alikuwa anapanga madebe. Nilimwamkia, nikasubiri amalize, nikamwambia naacha kazi, kifua kimechoka, natakiwa kwenda kufundisha.

Alinitazama toka viatu mpaka kichwani. Akachukua chupa yake dirishani, akainyanyua kwenye mwanga, akairudisha.

"Nitaamini kesho asubuhi," alisema.